Chakula cha Siku ya Sita

Mwanangu Khamis,

Barua huanza kwa salamu, lakini mimi na wewe tumeshasalimiana leo mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa na andazi zima mdomoni ukanijibu kwa kichwa. Kwa hiyo salamu tuziache. Umekwenda huko ndani Ng'ambo kuwaaga shangazi zako, na niwajuavyo shangazi zako hutarudi kabla ya magharibi. Nimefunga kazi mapema. Nimekaa kwenye kigoda changu hapa dukani Mlandege, mlango nimeurudisha nusu, nikuandikie lile ambalo wiki mbili nzima nimeshindwa kukuambia uso kwa uso. Kesho asubuhi utapanda meli, na mimi bandarini huwa sina maneno.

Sikuandikii mambo ya kila siku. Habari za sweta na dawa ya tumbo na kutolala na soksi mbichi mama yako ameshakuambia, mpaka juzi nikakusikia unayatamka kabla yake. Karatasi yako ya ruhusa ya kuondoka, uliyoihangaikia mara nne kwenda na kurudi, unayo mfukoni. Na habari za viatu nimezisema kwa mikono: buti zako nimezitia soli upya mara mbili. Zikikuumiza, ujue mguu wako ndio mkaidi kama wa babu yako, si kazi yangu.

Nataka kukuandikia habari za siku ya sita ya mpango wako.

Tangu ije ile barua ya chuo cha misitu, kwamba wanafunzi wapya wanane mtaanza masomo kwa kuizunguka milima ya Uluguru kwa miguu, siku kumi na moja, mtoke Morogoro na mrudi Morogoro kwa upande wa pili, na kila mmoja apeleke mpango wake wa safari, meza yangu ya kazi imekuwa si yangu. Ulizisukuma ngozi zangu pembeni, ukatandaza ramani, ukaibana pembe moja kwa nyundo na nyingine kwa kalibu ya kiatu. Mpango wako ndio uliochaguliwa. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Furaha yangu haina kelele. Ulinionesha mapengo matano mtakayopita, pale mlima unapoinama kati ya vilele viwili, ukiyataja moja moja kama mtu anayetaja wachumba. Wateja waliokuja kuchukua viatu vyao walipewa na somo la milima juu yake, bila kuomba.

Nilikusikiliza nimeinamisha kichwa. Ulidhani sijali. Ukweli ni kwamba mzunguko ule naujua, na pengo lile kubwa la siku ya sita nimelipita kwa miguu yangu kabla mama yako hajajua kama nipo duniani.

Jumatatu ya wiki mbili nyuma nikalichukua daftari lako, nikasoma ukurasa wa siku hiyo. Umeandika kwa hati nzuri: kuondoka alfajiri, kupanda pengo kubwa, kulala upande wa pili. Chini yake: chakula cha mchana, hakuna.

"Khamis, mbona siku ya sita hamna chakula cha mchana?"

"Ramadhani itakuwa ishaingia, baba. Sie wanne wa visiwani tutafunga. Wale wa bara watachukua chao. Na mizigo itakuwa myepesi."

"Siku ya pengo kubwa?"

"Ami Khamis kafunga mpaka kafa," ukaniambia ukicheka. "Mie siku moja ya mlima ndo inshinde? Hatwendi kuwa makobe huko."

Walikuwepo watu wawili mlangoni. Mmoja akasema mashaallah. Mwingine akanitazama aone nitasema nini. Nikasema, "Huyo ndo mwanangu," nikarudi kupigilia misumari. Nimeyajutia maneno hayo matatu kuliko mengi niliyowahi kuyasema, na mdomo wangu haukuwa mdogo ujanani.

Nimechoka, Khamis. Si kazi iliyonichosha, ingawa nayo siku hizi hainipendi. Tangu Mapinduzi waliokuwa wakivaa makubadhi ya mapambo wengi wamekwenda zao, na sasa nashona mikanda na kutia viraka. Nimechoka kubeba kitu kimoja kwa karibu miaka thelathini bila kukitua. Nilidhani nitazikwa nacho. Sasa naona ukiondoka hivi hivi utakibeba wewe, na hata hutajua umebeba nini.

Hadithi ya ami yako, mdogo wangu, unayoijua ni ya bibi yako. Kila usiku wa kwanza wa Ramadhani, mwezi ukishaonekana, hukuiteni nyote chumbani kwake juu, akakuhadithieni jinsi mwanawe mdogo alivyokufa safarini bara, kwa homa, na saumu yake mdomoni, akakataa hata maji. "Kenda kwa Mola wake msafi," husema, na uso wake hung'aa. Hadithi hiyo ndiyo iliyokupa jina. Wewe ulikuwa ukiisikiliza umekumbatia magoti, na mimi kila mwaka nilikuwa nakumbuka kitu cha kwenda kufanya chini. Mtungaji wa hadithi hiyo ni mimi. Niliirudisha kutoka bara nikampa mama yangu badala ya mwanawe.

Sasa ya kweli ni hii.

Enzi hizo kulikuwa na Mzungu mmoja akipima milima ile. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, ufundi nimemaliza, kazi hakuna. Nikavuka kwenda bara, nikapata kuwa mnyapara wa wapagazi wake, kwa kuwa nilijua kusoma na kupanga siku. Nikamwita ami yako aje abebe mzigo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mcheshi, akiimba vibaya kutwa na hajui kuwa anaimba vibaya. Kabla hajaondoka mama alinipelekea ujumbe kwa msafiri mmoja: huyo mdogo wako, mtizame. Nikajibu kwamba nimesikia.

Safari niliipanga mimi, kama ulivyopanga wewe. Na nilipanga vizuri, usinicheke. Nilijua kwamba mzigo wa kupanda mlima hauwi sawa na mzigo wa bandarini. Nilijua kuhesabu mwendo kwa miguu ya aliye mzito, siyo ya aliye mwepesi. Lakini kuna jambo moja sikulijua, na katika daftari lako sikuliona. Safari ya kwenda na kurudi, ukichoka unageuka, na nyuma yako ni njia unayoijua. Ya mzunguko ukishafika katikati huna nyuma. Kurudi ni mbali sawasawa na kumaliza. Siku ya katikati haifai kuwa siku ya kujionesha. Na katika siku kumi na moja, katikati ni ya sita, na kwako kama kwangu ndiyo ya pengo kubwa.

Mwezi ulituandamia njiani, jioni ya siku ya tatu. Yule Mzungu akaniita, akasema atakayefunga apunguziwe mzigo, au abaki kijijini chini tumkute mbele. Nikamjibu kwamba watu wa Unguja hatubebewi. Wapagazi wengine walikuwa Waluguru, na nusu yao Waislamu kama sisi. Mmoja, jina lake Kibwana, kijana wa rika langu, alikuwa anakula kiazi chake mbele ya moto asubuhi bila wasiwasi. Nikamuuliza kama hajui mwezi umeandama.

"Najua," akasema. "Mie msafiri. Nitalipa nikifika nyumbani, ruhusa ipo."

Nikamcheka mbele ya wenzake. Nikamwita kobe, na ilinibidi nimweleze maana yake, mla mchana wa Ramadhani, kwa sababu kwao tusi hilo hawanalo. Akafikiri kidogo, akaniambia kwamba kobe ni mnyama anayefika.

Ruhusa nilikuwa naijua, Khamis. Nimeisoma madrasa kama ulivyoisoma wewe: mgonjwa ana ruhusa, msafiri ana ruhusa, na siku zinalipwa baadaye. Hakuna mtoto wa Unguja asiyeijua. Lakini wewe umewaona watoto wa mtaani kwetu wanavyomfanya mtu aliyeonekana anatafuna mchana wa Ramadhani, wanavyomwandama na "Kobe! Kobe!" mpaka mlangoni kwao, na mama yake akatoka akajifunika uso. Sisi watu wa mjini tumelelewa hivyo. Dhambi ya kula tunaiogopa, lakini kuonekana tunakula tunakuogopa zaidi. Mimi nilikuwa nimevuka bahari na kupanda milima, na bado nilikuwa nawaona watoto wale wananifuata nyuma.

Ami yako alikuwa ametoka kuumwa homa siku mbili nyuma. Kwa hiyo ruhusa alikuwa nazo mbili. Jioni ya kuamkia siku ya sita akanijia, akachutama karibu yangu.

"Kaka, kesho nifunge?"

Aliniuliza. Hilo ndilo lisiloniacha. Angefunga kwa ukaidi wake mwenyewe labda ningelala. Lakini aliniuliza, na nilikuwa na jibu jingine mkononi.

"Wataka watu wa bara wakwite kobe?"

"Haya basi," akasema. "Nshanuia."

Wakati wa daku mvua ilizima moto. Tulikula viazi viwili vya baridi, tukanywa maji, tukaanza kupanda gizani. Mpaka jua lilipotoka, kama lilitoka, sisi hatukuliona, nguo zilikuwa zimeshalowa. Kabla ya adhuhuri nikageuka kuhesabu watu nikamkosa. Nikarudi chini. Nikamkuta nyuma ya jiwe, amekaa, mzigo uko mgongoni bado, anatafuna muhogo wa kuchemsha. Kibwana alikuwa amempa. Kwa kelele ya mvua hakunisikia.

Nilimpiga kofi mkononi, muhogo ukaanguka matopeni.

"Ntamwambia mama," nikasema. Mtu mzima wa miaka ishirini na minne. "Ntamwambia mama umekuwa kobe."

Akatema kilichokuwa mdomoni. Akafuta midomo kwa mkono wa shati.

"Nsamehe, kaka. Usimwambie mama. Nnafunga. Tizama, nnafunga."

Akainuka, akanipita, akapanda mbele yangu ili nimwone.

Kule juu pengoni hakuna cha kutazama. Ukungu, mvua ya baridi inayokuja ubavuni, na majani marefu yanayokulowesha mpaka kiunoni. Sisi wa pwani baridi tunaijua kwa jina tu. Ami yako akaanza kukaa. Anakwenda hatua ishirini, anakaa. Kisha kumi. Kibwana akamchukulia mzigo bila kuniuliza. Baadaye akatia maji kwenye kikombe cha bati, akampelekea mdomoni, na ami yako akafumba midomo, akageuza macho, akanitazama. Kikombe hakukitazama, wala Kibwana. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja niseme.

Mimi nikatazama pembeni. Wapagazi wote walikuwa wamesimama wametuzunguka. Nilikuwa nimewaita makobe siku mbili nzima. Sasa niseme nini mbele yao? Nikajifanya nafunga kamba ya mzigo. Ilikuwa imeshafungwa.

Sijui muda gani ulipita. Nilipokuja kupiga magoti nikamwambia kula, Khamis, kunywa, mimi nimekuruhusu, kana kwamba ruhusa ilikuwa ya kwangu, alikuwa hanisikii tena sawasawa. Akasema, "Magharibi bado, kaka." Meno yake yalikuwa yameacha kugongana, na mimi mjinga nikadhani amepata joto. Akafa jua halijatua.

Tulimzika chini kidogo upande wa pili, ambako udongo unachimbika. Kibwana alichimba zaidi yangu. Hakunitupia neno hata moja, na afadhali angenitupia. Kisha tukabeba mizigo tukaendelea siku tano nyingine, kwa sababu, kama nilivyokuambia, kurudi kulikuwa mbali sawasawa na kumaliza.

Nilipofika Unguja mama alikuwa ameshapata habari ya msiba, hakujua ulivyokuwa. Akanishika mikono yote miwili, akaniuliza, "Kafaje mwanangu?" Nilikuwa nimejiandaa, wallahi nilikuwa nimejiandaa kusema. Nikafungua mdomo, nikasema, "Alikuwa na homa, mama. Kafa na saumu yake. Kakataa hata maji." Hakuna neno hapo lisilo na chembe ya kweli. Akalia sana, kisha akasema alhamdulillahi, na nikaona uso wake umepata pa kujishika. Nikamwachia ajishike. Mwaka baada ya mwaka ikawa haiwezekani tena kumwondolea.

Nilikuwa nataka kukushauri, lakini naona ushauri wote nilio nao umetoka mahali pamoja tu, na umeshapasoma. Kwa hiyo nakuomba. Sikuombi usifunge; siku za bondeni ukiweza funga, hayo ni yako na Mola wako. Nakuomba ukurasa wa siku ya sita uuandike upya. Chakula cha mchana kiwepo, na kila mtu abebe chake mfukoni, kisikae kwenye mzigo wa mmoja aliye nyuma au aliye mbele. Saa sita ikiwakuta hamjafika juu, teremkeni mlale mlikotoka. Najua utasema mpango hauna siku ya akiba. Nimeuona hauna. Mtilie.

Wewe sikuogopei. Una nguvu, umekula vizuri kwa mama yako miaka ishirini, pengine ungelipita pengo lile na saumu yako na ukaimba. Namwogopea mmoja wa wale watatu wenzako wa visiwani, usiyemjua bado. Mwembamba mmoja, ametoka kuumwa, anaona haya kusema. Wewe ndiye mwenye daftari, Khamis. Kikombe kikifika mdomoni mwake atageuka akutazame wewe. Wakati huo maneno huchelewa, mimi yalinichelewa. Ndiyo maana nakutaka ule mapema, wa kwanza, mbele yao wote, bila kumwambia mtu lolote. Wakikucheka, wakucheke.

Kaburi sikuagizi ulitafute. Halikuwa na jiwe la maana wakati ule na majani ya kule hayangoji mtu. Ukilipita bila kujua hukufanya kosa.

Najua ukimaliza kusoma utanitazama vingine. Nimeliwaza hilo wiki mbili, ndilo lililonifunga mdomo. Nilipenda mno jinsi unavyonitazama sasa. Nakupenda, mwanangu. Nimekushonea viatu tangu mguu wako ukiwa sawa na kiganja changu, nikidhani hiyo inatosha kuwa ndiyo kukuambia. Ukinichukia muda, nitavumilia. Lakini kwanza badilisha ukurasa ule, kisha unichukie.

Nimefika hapa kalamu ikasimama. Leo jioni, ukirudi kutoka kwa shangazi zako, bibi yako atakuita juu akuage. Atakushika kichwa, akuombee dua, na atakuhadithia tena habari za ami yako, safari hii kwa machozi, kwa sababu unakwenda huko huko. Nikikupa barua hii na yeye akakupa hadithi yake, utaondoka nazo zote mbili, na ile yake ni nyepesi zaidi kubeba. Hata mimi ningechagua hiyo. Basi najidanganya na karatasi hizi. Ngoja nifunge duka.

*

Nimerudi kwenye barua. Niko nyumbani Malindi, chumba cha chini. Alasiri imeshaswaliwa na wewe bado hujarudi.

Nilipanda kwa bibi yako. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo karibu na dirisha. Aliponiona akaniuliza kama naumwa, maana duka sijapata kulifunga saa zile isipokuwa kwa maziko. Nikakaa chini mkekani, sikukaa kitini. Nikamwambia, "Mama, nataka kukwambia alivyokufa Khamis."

"Nnajua alivyokufa."

"Hujui, mama."

Nikamweleza yote, tangu "kesho nifunge" mpaka kikombe. Sikuruka kitu, hata ukurasa wako wa siku ya sita. Mikono yake iliendelea na mchele kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana, akitoa chuya moja moja na kuziweka pembeni. Kisha ikasimama.

"Alikuwa na njaa?"

"Alikuwa na njaa, mama."

"Na chakula kilikuwapo."

"Kilikuwapo."

"Na we ukamwambia utanambia mie."

"Naam."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa laana; nilikuwa nimezistahiki zote mbili.

"Ukamtisha kwangu," akasema polepole. "Mwanangu ukamtisha kwangu mie. Na mie ningemlisha kwa mkono wangu."

Nikasema nisamehe, mama. Akauvuta ungo tena mapajani, hakuchagua kitu, akaushika tu kingo mbili.

"Toka," akasema.

Nikatoka. Neno hilo hakuwahi kuniambia tangu nilipokuwa mtoto na kuvunja gudulia. Nimekaa kwenye ngazi nusu saa nzima, kwa sababu kushuka sikutaka na kupanda haikuwezekana. Miaka yote hii alikuwa na mwana aliyekwenda kwa Mola wake msafi na mwenye fahari. Leo nimemwachia mwana mwenye njaa. Nimemfanyia hivyo mama yangu katika uzee wake, kwa ajili yako, na sijui bado kama nimetenda haki au nimetua tu mzigo wangu juu ya mtu asiye na nguvu za kuubeba. Wewe utakapokuwa na mama mzee na mtoto anayeondoka labda utajua. Mimi sijui.

Usishangae basi kama leo jioni bibi yako hatakuhadithia kitu. Mpe mkono, apokee shikamoo yako, ukae naye hata akinyamaza. Usimuulize. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wako wa pembeni, uisome ukiwa melini, si hapa.

Nilikuwa niishie hapo. Lakini sasa hivi, wino haujakauka, mama yako ameshuka kutoka juu na kifurushi mkononi. Ni zile tende alizoletewa bibi na shangazi yako mkubwa, alizokuwa akizificha kabatini kwa futari yake ya Ramadhani, ambazo hata mimi mwanawe sikuonjeshwa moja. Amezifunga zote katika kipande cha kanga yake, fundo juu ya fundo. Mama yako hajui lolote. Amesimama mlangoni ananiuliza siku ya sita ni siku ya nini.

Nikamuuliza bibi amesema nini hasa. Nilitumaini, nakwambia kweli, kwamba ndani ya ujumbe wake kutakuwa na neno la kwangu mimi, hata dogo. Halimo. Amesema tu tende hizi ni za Khamis, za huko juu mlimani siku ya sita, agawane na wenziwe.

"Kasema ale mchana kweupe," mama yako akaniambia, "na watu wamwone."

Baba yako.